Geti Liachwe Lilivyokutwa

Miguu ndiyo iliyotangulia, miwili, na ilikuwa myeupe.

Mpaka hapo Bi Ardis alikuwa hajafunga mdomo. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, shavu limeegemea ubavu wa mtamba wake, anambembeleza kama binti wa watu aliye leba: haya mama, sukuma, usinitie aibu mbele ya Marit. Mimi niko nyuma, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, nazungusha mnyororo mdogo kwenye vifundo vya ndama. Kila Machi nilikuwa naitwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mikono yangu ni midogo, inapita pale mikono ya wanaume inapokwama. Nje theluji inachapa bati la zizi. Tukavuta. Ikatoka pua, likatoka paji la uso, pana kama sepetu, na lenyewe rangi yake ni ya maziwa yaliyoguswa na chai.

Bi Ardis akanyamaza.

Ng'ombe wa Ardis Bohlman ni wekundu. Wote. Wekundu wa tofali lililoiva, kuanzia masikio mpaka mkiani, bila doa. Aliuchagua huo wekundu ndama kwa ndama tangu mumewe yuko hai, na watu walikuwa wanatoka Montana, wengine wanavuka kutoka Kanada, kuja kununua mitamba kwake. Na kuanzia barabara kuu mpaka mtoni kulikuwa na dume moja tu jeupe. La baba yangu. Tulikuwa tunaliita Shemasi, kwa sababu lilikuwa linatembea polepole, tumbo mbele, kama linapitisha kapu la sadaka.

Yule mtamba hakunyanyuka tena. Alikuwa bado mdogo, na ndama alikuwa mkubwa mno kwake, alimchana vibaya. Bi Ardis alikaa naye mpaka mwisho, halafu akavua kofia yake ya sufu akamfunika macho. Bila kunitazama, akaniuliza kama naweza kumnywesha ndama. Nikasema naweza. Nikashika chupa, ndama ananyonya kwa nguvu kama hana habari na mtu, na kichwani mwangu kuna neno moja tu linagonga. Geti. Geti. Geti.

Sasa, hilo geti.

Kwetu huku Dakota Kaskazini unaweza kuwa na shamba lako na usiwe na kilicho chini yake. Udongo wako, nyasi zako, mawe yako, lakini mafuta yaliyolala huko chini ni ya mtu mwingine kabisa. Ya kwetu aliyauza babu yake baba mwaka wa ukame, akanunua mbegu, na mbegu zenyewe hazikuota. Kwa hiyo kampuni ya kuchimba mafuta ilipokuja, haikuja kuomba. Ilikuja kupatana namna ya kupita. Barabara iende wapi, mtambo ukae wapi, nani atang'oa magugu, nani atafunga mageti. Hiyo karatasi ya kupatana ndiyo watu wa kwetu walikuwa wanaiogopa kuliko mvua ya mawe. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Kuna aliyesahau kuandika upana wa barabara, akaletewa barabara ambayo ndege ingetua. Kuna aliyesahau kusema udongo wa juu uwekwe kando, wakauzika chini ya changarawe, mpaka leo pale hapaoti hata miiba. Baba alivisikia visa vyote hivyo kwenye mgahawa wa mnada wa ng'ombe, akatikisa kichwa, akaapa yeye, Verlyn Tveit, haingizwi mjini na mtu.

Wakala wa kampuni alikuwa kijana wa Oklahoma, anaitwa Trey Castleberry. Buti safi, kicheko jirani. Alikuja Januari, akavulia buti zake mlangoni bila kuambiwa, kitu ambacho kilimpa alama kwa baba hata kabla hajakaa. Wakaenea na makaratasi yao meza nzima ya jikoni. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni, nimekaa juu ya kaunta na simu yangu, kazi yangu ni kumimina kahawa na kusikiliza, na nawaambia ukweli, nilijivunia yule mzee. Alipita mstari kwa mstari na penseli yake ya useremala. Alitaka upana uandikwe. Alitaka udongo wa juu urundikwe peke yake. Alitaka malori yaoshwe kabla ya kuingia ili yasilete mbegu za magugu. Trey anakubali, anaandika, anasema haya mzee, sawa mzee.

Wakafika kwenye mageti.

Karatasi ya kampuni ilisema kampuni itajenga daraja la mabomba kwenye kila pa kupitia, yaani shimo lenye mabomba ya chuma juu yake ambalo gari linapita na ng'ombe anaogopa kukanyaga, na kwamba mageti yote yatafungwa wakati wote, mchana na usiku.

Baba akacheka kwa puani. Madaraja ya mabomba hakuyataka hata kuyasikia. Moja lilimvunja mguu farasi wake jike alipokuwa kijana, na alimpiga risasi mwenyewe. Na geti lifungwe wakati wote? Hayo ni maneno ya mtu aliyezaliwa kwenye lifti. Kwetu mtoto kabla hajajua kusali anajua kitu kimoja: geti liache ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, funga. Ukilikuta wazi, liache wazi, kwa sababu kuna mwenzio aliyelifungua makusudi ng'ombe wafike majini, na wewe ukilifunga kwa wema wako, utakuta mizoga. Ndiyo adabu yetu ya kwanza. Baba akaikata mistari yote miwili kwa penseli, akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto: Kila geti liachwe lilivyokutwa.

Trey akaisoma. Akajikuna shingo.

"Mzee, hapo mimi ningepaacha palivyo," akasema. "Hicho kipengele kinakulinda wewe, si sisi."

"Kijana," baba akamwambia, "siku kampuni ikianza kunilinda, nitajua nimekwisha."

Nilicheka mpaka kahawa ikanitokea puani. Ile sentensi niliiandika kwenye simu palepale, nikairusha mtandaoni, ikapendwa na watu nisiowajua mpaka Texas huko.

Kulikuwa na jambo moja limebaki, nalo ni Bi Ardis. Njia ya kutoka barabara kuu inakata kona ya malisho yake kabla ya kufika kwenye geti la mpaka wetu. Ni njia ambayo babu zetu waliichonga pamoja kwa mikokoteni. Bila yeye kukubali, malori hayapiti. Naye alikuwa amekataa. Amemfukuza Trey mara kadhaa, mara moja akiwa ameshika ndoo ya maziwa ya ndama, na hiyo ndoo haikubaki na maziwa. Basi baba akaenda mwenyewe. Hakukaa sana. Alimwambia asiwe na wasiwasi na mitamba yake, suala la mageti ameliandika kwa mkono wake. Bi Ardis akamtazama, akauliza wapi anaweka sahihi. Hakusoma hata mstari. Watu wanasema alisaini na kampuni. Si kweli. Alisaini na Verlyn Tveit.

Kilichotokea Mei hakina fundi wala mchawi. Mtambo ulishafika, malori ya maji na ya mchanga yanapita mchana kutwa, yanaongozana kama mchwa. Lori la kwanza linafungua geti la mpaka. La pili linakuta wazi, linaacha wazi. La tatu hivyohivyo. La mwisho linapita likidhani kuna jingine nyuma. Kila dereva aliliacha kama alivyolikuta, neno kwa neno, kama walivyoandikiwa. Upande huu Shemasi. Upande ule mitamba ya Bi Ardis, wasichana wadogo bado, ambao angewapandisha katikati ya Juni kwa dume dogo jekundu alilolichagua kwa miwani. Na wiki hiyo mwenyewe alikuwa mjini Bismarck, mjukuu wake anamaliza shule.

Hayo yote mimi nilikuja kuyajua Machi iliyofuata, nikiwa nanuka damu ya uzazi.

Maana baada ya yule mtamba wa kwanza walifuata wengine. Kabla ya tarehe alizopanga Bi Ardis, wakubwa, weupe. Wengine tuliwaokoa, wengine hatukuwaokoa. Bi Ardis hakunisema kwa neno hata moja. Alimpigia Trey, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyasi, ni lini madereva wake waliacha geti wazi. Trey akasema atauliza. Akauliza kweli. Akajibu kwamba kwa mujibu wa mkataba madereva hawana kosa, na akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, kwa sababu baada ya siku kidogo alimtumia kitu kingine ambacho hakulazimika kukituma.

Tulikuwa jikoni kwake. Supu inachemka. Simu yake ikalia mlio wa ujumbe, akaisukuma mbele yangu kwa kidole kimoja, kama kitu kinachoweza kuuma.

"We mwenye simu mkononi saa zote," akaniambia, "nifungulie hii."

Nikafungua. Ilikuwa video. Dereva mmoja wa Louisiana aliirekodi kutoka ndani ya lori kuwachekesha wenzake, na bado ilikuwa inazunguka huko wanakochekeshana. Tarehe iko pale juu: Mei. Unaona kioo cha mbele, vumbi, geti limeegeshwa pembeni. Unaona mitamba myekundu imetawanyika kama watoto waliofumwa. Halafu anaingia mtu kwenye pikipiki ya magurudumu manne, ameshuka, amevua kofia, analichapa dume jeupe matakoni kwa hiyo kofia, na dume halitaki kuondoka. Sauti ya dereva inasema, jamani, harusi imevamiwa na baba mkwe, na wenzake kwenye redio wanacheka mpaka wanakohoa. Mwishowe dume linapita. Yule mtu anavuta geti, analifunga. Anageuka, analitazama lori. Ananyoosha vidole viwili, ile salamu yetu ya barabarani.

Sikuhitaji kumkuza. Nilimjua baba kwa mabega.

Bi Ardis akaniambia niirudie. Nikairudia. Nilitamani simu ile initeleze mkononi izame kwenye supu. Mara ya pili alikuwa hamtazami baba, alikuwa anatazama mitamba yake, mdomo unatembea, nafikiri alikuwa anawataja majina.

"Mei," akasema.

Akazima jiko.

"Geti si neno, Marit. Mageti huachwa. Ningejua wiki ile, daktari wa mifugo angekuja na sindano, kila mtamba sindano moja, mimba ingetoka kabla haijawa kitu. Ningekuwa nao wote." Akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi. "Na alikuwa anapita hapo nje kila siku. Ananipungia."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sawa. Lakini hawakusema kilio kikiwa kwenye zizi la jirani, mtoto wa mficha maradhi aweke wapi uso wake. Mimi nilikunywa ile supu. Nilishindwa kusema sitaki. Kila nikimaliza, mwenye nyumba ananiongeza.

Njiani nikakumbuka Juni iliyofuata ile Mei. Niliporudi kutoka chuoni nilimkuta baba ameegesha gari lake pale getini, amekaa humo tangu kunakucha, kesho tena, keshokutwa tena, malori yakipita yeye ndiye anafungua, yeye ndiye anafunga. Nilidhani anawasimamia. Nilimpelekea kahawa. Nikampiga picha, kofia imeshuka usoni, mtambo umesimama nyuma yake, nikaandika: mzee akilinda ardhi ya mababu, kampuni itakoma. Kumbe mtu alikuwa anatumikia kifungo. Angeweza kumpigia Trey, akamwambia rudisha ile mistari yako. Lakini angeulizwa kwa nini.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba anakarabati pampu. Nikamwambia nimeona video. Hakuuliza video gani. Aliuliza kama na Ardis ameona.

"Mimi ndiye niliyemfungulia," nikasema.

Akaendelea kukaza nati ambayo ilishakazwa. Akaanza kuongea kwa vipande, nami simsaidii. Kwamba alilikuta dume huko asubuhi. Kwamba hajui lilikuwa huko tangu lini. Kwamba aliendesha mpaka kwenye nyumba ya Ardis siku aliyorudi kutoka Bismarck, akamkuta anashusha mizigo, anafurahi, anamwonyesha picha za mjukuu na joho lake. Akasema atarudi kesho. Kesho yake akasema kesho. Halafu ikawa haiwezekani tena kusema bila kusema pia kwa nini hakusema jana.

"Na pia nilidhani," akasema, "labda halikuwahi."

Hilo ndilo lililonichoma. Mtu aliyekulia na madume, anayeweza kukwambia kwa kutazama tu ng'ombe gani ameshika mimba, ananiambia mimi, binti yake, labda halikuwahi. Niliona aibu kwa ajili yake mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaondoka, kwa sababu ningebaki, ama ningelia ama ningemtukana, na kwetu vyote viwili havifanywi mbele ya pampu.

Alijaribu. Msiseme hakujaribu. Siku moja alipakia mitamba wake wazuri kwenye trela, akaniambia twende. Tukafika uani kwa Bi Ardis. Akatoka barazani na aproni, akatazama trela, akatazama wale mitamba.

"Warudishe, Verlyn. Ng'ombe ninao," akasema. "Kinachokosekana hapa ni mdomo wako."

Baba akasimama. Kofia mkononi. Nilikuwa ndani ya gari, dirisha liko wazi, nikamwona anafungua mdomo, nikajiinamia kama mtu anayesubiri mlipuko. Na baba yangu, wallahi, akasema:

"Upepo umegeuka. Utaleta mvua."

Bi Ardis akaingia ndani. Akaufunga mlango taratibu, hata haukulia. Tuliwarudisha wale mitamba nyumbani, wanapiga kelele trelani njia nzima, na hakuna aliyewasha redio.

Habari za namna hiyo hazihitaji gazeti. Ndama weupe wanaonekana kutoka barabara kuu, wamelala kando ya mama zao wekundu kama mapande ya theluji yaliyokataa kuyeyuka, na kila anayepita anapunguza mwendo. Pale mgahawani kwenye mnada ikawa wimbo. Mtu akitoka chooni ameacha mlango wazi, anasema nimeuacha nilivyoukuta. Mhudumu akileta chupa ya sosi bila kifuniko, meza nzima wanasema usiiguse, Verlyn alishaandika. Duane Ostby, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuuza trekta akiwa amesahau kulilipia, ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya. Baba akaacha kwenda. Akawa anakunywa kahawa yake nyumbani, amesimama, anatazama ukuta. Mimi nikaondoa ile picha ya Juni. Lakini watu walikuwa wameshaihifadhi, wakairusha upya, na maneno yangu chini yake yalikuwa yananikodolea macho.

Ikaja Mei tena, na Mei kwetu ni kupiga ndama chapa. Hakuna anayeajiri mtu. Majirani wanakuja na farasi wao na kamba zao za kunasia ndama, mnamaliza kwa huyu, mnahamia kwa yule. Lakini huendi mpaka upigiwe simu. Usipopigiwa, hujafukuzwa, hujaambiwa kitu. Umekaa tu nyumbani kwako, unasikia ng'ombe wa jirani wanalia kwa mbali, na kila mtu anajua uko wapi. Kwa Bi Ardis, tangu amezikwa mumewe, kamba ya kwanza ilikuwa ya baba. Yeye ndiye alikuwa anaingia zizini wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Simu iliyolia ilikuwa yangu.

"Jumamosi," Bi Ardis akasema. "Njoo na glavu."

Nikasema nitakuja. Nikasema, na...

"Nimekupigia wewe, mwanangu."

Baba alikuwa jikoni, alisikia. Nilitaka kumwambia siendi. Ukweli ni kwamba nilitaka aniombe nisiende, tubaki wawili na aibu yetu, angalau tuwe upande mmoja. Badala yake alitoka akaenda bandani. Nilipomfuata nilimkuta anapaka mafuta tandiko langu, anaingiza kidole kwenye kila mshono. Jumamosi asubuhi nikakuta ameshamfunga farasi wangu lile tandiko, na pembeni yake imening'inia kamba yake mwenyewe, ile ya kamba ya kwanza. Mimi kurusha kamba sijui, na yeye anajua sijui. Sikuifungua. Nikaenda nayo hivyohivyo, kila mtu akaiona, hakuna aliyeuliza.

Mwanzoni hakuna aliyenitania pia, na heri wangenitania. Walinisalimia kwa upole wa msibani. Nikapewa kazi ya kukaba miguu ya nyuma. Vumbi, moshi wa manyoya, ndama wanalia, mama zao wanajibu nje ya uzio. Wakaletwa wekundu, wekundu, wekundu, halafu kamba ikamkokota mweupe wa kwanza mpaka motoni, mkubwa kuliko wenzake wote. Nilimjua. Ni yule niliyemnywesha chupa.

"Huyu naye tumwache tulivyomkuta?" Duane akauliza.

Wawili watatu wakaguna kicheko. Mimi nilikuwa nimekalia udongo, nimevuta mguu wa ndama kwa mikono miwili, nimeinamisha uso mpaka kidevu kimegusa kifua. Bi Ardis alikuwa amesimama na bomba la chanjo. Hakupandisha sauti.

"Duane, shika shingo," akasema.

Duane akashika shingo. Chuma kikashuka. Chapa ya Bi Ardis ikakaa kwenye ubavu mweupe, ileile, mahali palepale, na ilionekana wazi zaidi kuliko kwenye wekundu wote.

Mchana tukala chini ya kivuli cha banda: nyama ya kuchoma, maharage matamu, viazi vilivyookwa na jibini, mikate ambayo Bi Ardis aliamka alfajiri kuioka. Nilijificha mwisho wa meza. Watu walipoanza kufungua farasi zao, Bi Ardis akanijia na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini. Sahani ya kweli, ya udongo, pembeni ina mstari wa bluu. Akaniwekea mikononi.

"Ya baba yako," akasema. "Mwambie sahani ni ya mama yangu. Naitaka."

Nilirudi nyumbani nikiendesha farasi kwa mkono mmoja. Nikampa baba sahani, nikampa na maneno, yote, kama nilivyoyapewa. Alikula chakula chote kikiwa baridi, amesimama kwenye sinki, hakuacha hata punje ya haragwe. Akaiosha. Akaikausha. Akauliza kama alisema anaitaka lini. Nikamwambia hakusema.

Sasa, hakuna nyumba kwetu inayorudisha sahani ya mtu tupu. Hilo halina mjadala, hata kwa watu msiosemezana. Baba akafungua kabati. Kulikuwa na kahawa, biskuti za chumvi, na makopo. Akafungua lingine. Akauliza, bado amenipa mgongo, mama yako alikuwa anaweka nini. Mama alikuwa amekufa muda mrefu, na hilo lilikuwa mojawapo ya maswali machache aliyowahi kuniuliza juu yake. Nikamwambia alikuwa anaweka chochote kilichokuwepo.

Sahani ikakaa kwenye kaunta. Ikalala pale, ikaamka pale. Nilikuwa namkuta asubuhi amesimama mbele yake, midomo inacheza bila sauti kama mwanafunzi anayekariri, akinisikia anakohoa. Kuna jioni niliingia nikakuta unga mpaka kwenye swichi ya taa, harufu ya kitu kilichoungua, na madirisha yote yamefunguliwa. Sikusema kitu. Kesho yake tena unga.

Jumapili akatoka chumbani amevaa shati la kanisani, lakini saa za kanisa zilikuwa zimepita. Akachukua sahani, ameifunika kitambaa safi cha meza cha mama, ncha zake amezifunga chini. Nikamuuliza kama nimsindikize. Akasema hapana. Sikuuliza kuna nini chini ya kitambaa.

Nilimwona kupitia dirisha akiingia kwenye gari. Hakuiweka kwenye kiti cha pembeni. Aliipakata, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaondoka polepole, polepole sana, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, na midomo yake bado inacheza.